Kutengeneza Fimbo za Kuvulia Samaki Kisumu na Magharibi mwa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wanaoanza kazi hii huku kwetu, kuanzia Kisumu na Homa Bay hadi Kakamega na Nakuru, huyauliza tena na tena. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Kutengeneza fimbo ya kuvulia ni kufanya nini hasa?

Si kutengeneza kila kitu kuanzia mwanzo. Fundi hununua ufito, yaani mwili mtupu wa fimbo ambao bado hauna mpini wala pete, kisha huchagua mpini, kiti cha rili (rili ni kile kigurudumu kinachokunja mshipi) na pete za kupitishia mshipi, akaviunganisha kwa gundi, uzi na epoksi, yaani utomvu wa sehemu mbili unaochanganywa na kukauka ukawa mgumu. Ufito wenyewe hutoka kiwandani: kitambaa cha nyuzi za kioo au za kaboni kilicholoweshwa utomvu huviringishwa kwenye chuma chembamba kilichochongoka, kikaokwa katika tanuri, kisha chuma kikachomolewa na kuacha mrija mpana upande wa chini na mwembamba upande wa juu. Hatua hiyo haifanyiki nyumbani. Zote zinazofuata zinaweza kufanyika juu ya meza ya kulia chakula, alimradi wenye meza wameridhia.

2. Kwa nini mtu ajisumbue ilhali fimbo za dukani zipo?

Fimbo ya dukani imetengenezwa kwa mtu wa wastani, na mtu huyo hayupo. Mpini wake huwa mrefu mno kwa anayevua akiwa ameketi ndani ya mtumbwi, au mfupi mno kwa anayerusha chambo kwa mikono miwili kutoka kwenye mawe ya ufukweni. Pete zake, hasa katika fimbo za bei ya chini, mara nyingi huwa chache kuliko inavyofaa, kwa kuwa kila pete inayopunguzwa ni pesa inayobaki kiwandani. Fundi hurekebisha mambo haya mawili, na mvuvi huyahisi siku ya kwanza.

Iwapo lengo lako ni kuokoa fedha peke yake, fimbo ya kwanza haitakuokolea chochote. Ukijumlisha gharama ya vifaa vya kufanyia kazi, itakuwa ghali kuliko ile ya dukani.

3. Nianze na fimbo ya aina gani?

Anza na fimbo iliyoharibika. Karibu kila anayevua kwa fimbo ana moja nyumbani iliyong'oka pete au iliyovunjika ncha, na ataitoa bila malipo au kwa malipo madogo. Kubadilisha pete mbili tatu kutakufundisha kufunga uzi na kupaka epoksi bila kuhatarisha ufito mpya, na ujuzi huo wa ukarabati ndio utakaokuletea wateja wa kwanza (tazama swali la 18).

Baada ya hapo, tengeneza fimbo ya vipande viwili yenye urefu wa futi sita na nusu hadi saba, ya nguvu ya kati, kwa ajili ya rili inayoning'inia chini ya fimbo. Fimbo ya namna hiyo haisumbui kutengeneza, inafaa samaki wengi, na ikitenganishwa inaingia ndani ya matatu bila kumdunga abiria mwenzako.

4. Je, ni lazima mimi mwenyewe niwe mvuvi?

Si lazima, ila ni vigumu kumwelewa mteja anayesema fimbo yake "inachoka katikati" ikiwa hujawahi kuhisi samaki akivuta upande wa pili. Nenda naye ziwani hata mara moja.

## Samaki wa huku na ufito unaowafaa

5. "Nguvu" na "mpindo" wa ufito ni nini?

Nguvu ni uzito unaohitajika ili kuupinda ufito; mpindo ni mahali unapopindia. Ufito wenye mpindo wa haraka hupinda karibu na ncha peke yake, na hivyo humwezesha mvuvi kuhisi mguso mdogo na kuikita ndoana upesi. Ufito wenye mpindo wa polepole hupinda hadi karibu na mpini, na huwa mpole kwa mshipi mwembamba na kwa samaki wenye midomo laini. Sifa hizi mbili hazitegemeani: upo ufito wenye nguvu nyingi na mpindo wa polepole, na upo mwepesi wenye mpindo wa haraka. Mteja anapokuambia anataka fimbo "ngumu", muulize ni ipi kati ya hizo mbili anayoizungumzia.

6. Nichague ufito gani kwa samaki wa Ziwa Victoria, mito ya Kericho au Ziwa Naivasha?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na jibu lake huanzia kwa samaki na kuishia kwenye ufito.

Mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara, anaweza kupita kilo mia moja, ingawa wanaoshikwa siku hizi kwa kawaida ni wadogo zaidi ya hapo. Wageni wanaokwenda visiwa vya Rusinga na Mfangano kumtafuta huburuta chambo bandia kikubwa nyuma ya boti inayotembea. Chambo hicho peke yake huivuta fimbo muda wote, kwa hiyo ufito unaofaa ni wa futi tano na nusu hadi saba, uliopangiwa mshipi unaohimili mvuto wa pauni 30 hadi 50, na wenye sehemu ya chini nene. Usimpe mteja wa mbuta ufito mwembamba kwa sababu tu aliusifu kwa wepesi ulipokuwa juu ya meza.

Ngege, yaani tilapia, anahitaji kinyume chake. Huvuliwa karibu na ufuo, kwa mnyoo na ndoana ndogo, mara nyingi kwenye vijia vilivyo wazi kati ya gugumaji. Ufito mrefu na mwepesi, wa futi nane hadi kumi na moja, humwezesha mvuvi kuishusha ndoana taratibu ndani ya uwazi huo badala ya kuirusha na kunasa majani. Fibaglasi, yaani ufito wa nyuzi za kioo, inatosha kabisa hapa.

Kambare na kamongo hukaa kwenye matope na mafunjo, nao wakishikwa hukimbilia huko huko. Fimbo yao iwe fupi na yenye nguvu kiunoni, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kumzuia samaki asirudi kwenye mafunjo.

Trauti, walioletwa Kenya mwaka 1905, wapo katika vijito baridi vya nyanda za juu, ikiwemo mito ya upande wa Kericho na miteremko ya Mlima Elgon. Huvuliwa kwa nzi bandia, na fimbo yake ni jamii ya peke yake: futi saba na nusu hadi tisa, nyepesi, ikiwa na pete za waya wenye umbo la nyoka na kiti cha rili kilichowekwa mwisho kabisa wa mpini. Ufito wa namba 4 au 5, namba inayoonyesha uzito wa mshipi unaoufaa, unatosha.

Wateja wa Nakuru mara nyingi huwa wanawaza besi mdomo-mpana wa Ziwa Naivasha. Kwao, ufito wa kaboni wa futi sita na nusu hadi saba, wa nguvu ya kati na mpindo wa haraka, ndio chaguo la kawaida. Mteja wa Nakuru mjini akikuomba fimbo ya Ziwa Nakuru lenyewe, mweleze kwamba ziwa hilo ni la magadi na limo ndani ya hifadhi ya taifa. Pengine alikusudia Naivasha.

7. Fibaglasi au kaboni?

Kaboni ni nyepesi na husafirisha mguso wa samaki hadi mkononi kwa wepesi, lakini haipendi kugongwa. Fimbo ya kaboni iliyoangushwa kwenye ukingo wa boti inaweza kupata ufa usioonekana, ikavunjika wiki mbili baadaye kwa samaki mdogo, na mvuvi akamlaumu fundi. Fibaglasi ni nzito zaidi, hupinda sana kabla ya kuvunjika, na huvumilia kutupwa chini ya mtumbwi pamoja na makasia. Kwa mtu anayevua kila siku kwenye boti la mbao, mimi hupendekeza fibaglasi bila kusita. Kwa anayesimama ufukweni akirusha chambo saa nne mfululizo, wepesi wa kaboni unaitetea gharama yake.

8. Je, mianzi inayomea hapa Kenya inafaa?

Kwa fimbo ndefu isiyo na rili, ya kuvulia ngege, ndiyo: uvune mwanzi uliokomaa, uukaushe kivulini kwa miezi kadhaa ukiwa umening'inizwa wima, kisha uupake vanishi. Fimbo za mianzi iliyopasuliwa na kugundishwa pande sita ni jambo jingine kabisa. Hizo kwa desturi hutengenezwa kwa mwanzi wa Tonkin kutoka kusini mwa China, ambao nyuzi zake ni nene na zimesongamana karibu na ganda, na kuzichonga ni ufundi wa miaka.

## Vifaa

9. Ni vifaa gani vya lazima, na vipi vinaweza kungoja?

Vya lazima ni vichache: kitegemeo cha kuulaza ufito, ambacho unaweza kukitengeneza kwa mbao mbili zenye mikato ya V iliyobandikwa kitambaa laini, namna ya kuukaza uzi, na kwa hilo kitabu kizito kinachoubana uzi kati ya kurasa zake kinatosha, wembe mpya, tupa ndogo, msasa laini, utepe wa karatasi wa wapaka rangi, futi ya chuma, spiriti, na glavu za nitrili. Mota ya kuzungushia fimbo wakati epoksi inakauka inafuata kwa umuhimu. Mota ndogo inayozungusha sahani ndani ya maikrowevu iliyoharibika huzunguka mara chache kwa dakika, na kasi hiyo ndiyo inayotakiwa. Fundi wa elektroniki atakuuzia moja na kukuungia waya kwa usalama, kwa sababu mota hizo hutumia umeme wa ukutani.

Mashine ya kukereza mpini inaweza kungoja. Drili iliyofungwa imara kwenye meza hufanya kazi hiyo kwa mipini mifupi.

10. Pete zinatofautianaje?

Kwa fremu na kwa duara la ndani. Fremu iwe ya chuma kisichoshika kutu. Duara la ndani katika pete nyingi nzuri ni la kauri: oksidi ya alumini kwa bei ya kawaida, kabidi ya silikoni kwa bei ya juu zaidi. Pete za Fuji ya Japani ndizo ambazo mafundi wengi duniani hulinganishia nyingine.

Jambo la kuangalia ni mshipi wa mteja. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba na mkali, nao huchimba mifereji katika pete laini. Mfereji huo nao huanza kuukata mshipi wenyewe. Pitisha kijiti cha pamba, kile cha kusafishia masikio, ndani ya pete ya fimbo iliyotumika: pamba ikinasa, pete imekwisha.

11. Mpini uwe wa koki, povu la EVA au mbao?

Koki, yaani gome jepesi la mwaloni linalotoka zaidi Ureno, huuzwa kama vipande vya duara vyenye unene wa takriban nusu inchi, ambavyo hugundishwa pamoja na kukerezwa. Inapendeza, haitelezi ikilowa, na hukereka kwa msasa bila matata. Angalia mashimo: koki duni imejazwa vumbi na gundi, na vijazio hivyo hutoka baada ya msimu mmoja. Povu la EVA, jamaa wa lile la soli za viatu vyepesi, ni la bei nafuu, husafishika damu na magamba ya samaki kwa sabuni, na kwa fimbo za mbuta nalipendelea kuliko koki.

Mbao ni nzito mno kwa mpini mzima, lakini kipande kidogo cha mzeituni mwitu, mvule au jakaranda ndani ya kiti cha rili humfanya mteja aitambue fimbo yake kutoka mbali. Mabaki ya karakana ya seremala hutosha, na mara nyingi hutolewa bure.

12. Vifaa hupatikana wapi?

Fito, pete na viti vya rili huagizwa zaidi kutoka nje, hasa China, Japani na Marekani. Ukiagiza, kumbuka kwamba bei ya mtandaoni siyo bei ya mkononi: kuna usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za uagizaji. Fito ndefu za kipande kimoja hutozwa usafiri mkubwa kwa sababu ya urefu wake, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua za vipande viwili. Uzi, spiriti, msasa, mabomba ya PVC na gundi vinapatikana mjini. Sokoni Kibuye, kwa mwenye subira, huweza kuonekana hata fimbo za mitumba zinazofaa kuvuliwa pete na viti vyake.

## Kazi yenyewe

13. "Mgongo" wa ufito ni nini, na una umuhimu gani?

Kwa kuwa kitambaa kimeviringishwa, upande mmoja wa mrija huwa mgumu kidogo kuliko mwingine. Simamisha kitako cha ufito sakafuni, shika ncha kwa kiganja, bonyeza katikati na uuzungushe: utahisi ukiruka na kutulia mahali fulani. Wapo wanaosisitiza kwamba pete lazima zifuate mstari huo, la sivyo fimbo itajisokota mkononi. Sikubaliani nao. Kinachoifanya fimbo ijisokote ni mahali pete zilipo, juu au chini (tazama swali la 23). Mimi hutafuta kwanza upande ambao ufito unaonekana umenyooka, nikapanga pete kwa mstari huo.

14. Niweke pete ngapi, na katika nafasi gani?

Kanuni ya kuanzia ni pete moja kwa kila futi ya urefu, ukiongeza ile ya ncha. Fimbo ya futi saba itakuwa na saba na ya ncha, na huenda ikahitaji nane.

Kanuni ya kumalizia ni jicho lako. Zishikize pete kwa vipande vyembamba vya raba, pitisha mshipi, ufunge kwenye kitu kizito sakafuni, kisha inua fimbo hadi ipinde kama inayopigana na samaki. Mshipi unapaswa kuufuata mpindo wa ufito. Ukiona kati ya pete mbili mshipi umekata njia ya mkato mbali na ufito, au, kwa rili inayokaa juu ya fimbo, umeugusa ufito, sogeza pete karibu au ongeza moja. Nafasi huwa finyu karibu na ncha na hupanuka kuelekea mpini. Weka alama kwa penseli nyeupe, andika vipimo kwenye daftari, na usikimbilie uzi kabla hujarudia jaribio hili ukiwa umetulia.

15. Uzi hufungwaje?

Kwanza chonga mguu wa pete kwa tupa hadi ncha yake iwe nyembamba kama ukingo wa kisu, kisha uondoe ukali uliobaki kwa msasa. Mguu butu huacha pengo ambalo uzi hauwezi kuliruka, na mguu mkali huchubua ufito. Bandika mguu mmoja kwa utepe, uanze kufunga mwingine.

Uzi huanza juu ya ufito, milimita chache kabla ya mguu. Upitishe juu yake wenyewe ili ujibane, zungusha mara tano au sita, kata mkia, kisha endelea kuuzungusha ufito, si uzi, huku kila mzunguko ukilala bega kwa bega na uliotangulia. Ikibaki mizunguko kama minane, laza juu ya ufito kitanzi cha uzi mwingine na uendelee kufunga juu yake. Ukimaliza, kata uzi, ingiza mwisho wake kwenye kitanzi, uvute kitanzi: mwisho utazama chini ya mizunguko na kutokea katikati, ambapo utaukata kwa wembe mpya. Nafasi ndogo zilizobaki huzibwa kwa kusugua uzi na kitu laini cha mviringo, kama upande wa nyuma wa kijiko cha plastiki.

Uzi wa nailoni wa kipimo A unatosha fimbo nyingi. Kipimo D ni cha fimbo nzito. Uzi wa kawaida huwa kama kioo chenye giza ukipakwa epoksi, kwa hiyo anayetaka rangi ibaki vile vile atumie uzi uliotiwa dawa ya kuhifadhi rangi kiwandani, na afanye majaribio kwenye kipande kisicho na thamani.

16. Epoksi huchanganywa na kupakwaje, na kwa nini yangu inanata au ina vishimo?

Epoksi nyingi za fimbo huchanganywa sehemu moja kwa moja, kwa ujazo. Inayonata baada ya siku mbili karibu kila mara ilipimwa vibaya au haikukorogwa vya kutosha. Usichanganye kidogo mno. Kosa la tone moja katika mililita mbili ni kubwa, katika sita ni dogo. Koroga taratibu kwa dakika kadhaa, ukikwangua kuta za kikombe, kisha mimina kwenye karatasi ya alumini ili joto litawanyike na viputo viweze kupanda juu. Joto la Kisumu hufupisha muda wa kazi, hivyo panga pete zote tayari kabla ya kuchanganya.

Vishimo vya mviringo, ambapo epoksi inakimbia na kuacha uzi wazi, husababishwa na mafuta au silikoni. Chanzo ambacho wengi hawakifikirii ni bomba la sindano lililonunuliwa kwenye duka la dawa: mpira wake wa ndani umepakwa silikoni ili uteleze. Tumia vikombe vya kupimia, au bomba la plastiki tupu lisilo na mpira. Futa ufito kwa spiriti kabla ya kazi na usiguse uzi kwa vidole vitupu.

Utando unaofanana na nta juu ya epoksi wakati wa mvua za Machi hadi Mei hutokana na unyevu hewani. Fanya kazi mchana, chumba kikiwa kikavu. Na kwa wanaoishi karibu na ziwa kuna adui wa pekee: vijidudu vinavyopaa kutoka majini kwa makundi, hasa karibu na mwezi mwandamo, hukimbilia taa na kunata kwenye epoksi mbichi kwa mamia. Funga madirisha, ukaifunike fimbo kwa boksi refu la katoni lililokatwa upande mmoja, ukiacha mota ikiendelea kuzunguka.

17. Stima ikipotea fimbo ikiwa kwenye mota, nifanye nini?

Izungushe kwa mkono robo mzunguko kila baada ya dakika mbili au tatu kwa saa ya kwanza, kisha kila dakika kumi hadi epoksi isiteremke tena, jambo linaloweza kuchukua saa tatu au nne. Weka simu ikukumbushe. Tone likishaning'inia na kukauka, itabidi ulikwangue kwa wembe, usugue msasa na kupaka upya.

## Biashara

18. Je, kazi hii inaweza kumlisha mtu huku kwetu?

Fimbo mpya peke yake, kwa mtu anayeanza, hapana. Wavuvi wengi wa ziwa hili hutumia nyavu na kaputi, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, na soko la wavuvi wa fimbo bado ni dogo. Ukarabati ndio unaoleta fedha za kila wiki: pete zilizong'oka, ncha zilizovunjika, mipini iliyooza, viti vya rili vilivyolegea. Hoteli na wenye boti wanaopeleka wageni kuvua wana fimbo nyingi ambazo hakuna anayezitunza, na mkataba mdogo wa kuzikagua kila baada ya msimu ni wa thamani kuliko kuuza fimbo moja ya kifahari.

19. Nipange bei vipi?

Jumlisha vitu vitatu, kisha uongeze faida. Kwa mfano wa hesabu tu: vifaa vikigharimu shilingi 5,500, kazi ikichukua saa tisa kwa shilingi 250 kwa saa, yaani 2,250, na ukitenga 400 kwa stima, uchakavu na vitu vilivyoharibika, gharama ni 8,150. Faida ya asilimia 20 ni 1,630, na bei inakuwa 9,780. Wengi husahau kuhesabu saa zao, kisha hushangaa kwamba wana oda nyingi na mfuko mtupu.

Chukua malipo ya awali yanayotosha kununua ufito na pete. Vifaa vilivyoagizwa kwa vipimo vya mtu mmoja ni vigumu kumuuzia mwingine.

20. Je, nahitaji leseni na kulipa kodi?

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upate PIN ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na kibali cha biashara cha kaunti. Tangu sheria ya fedha ya mwaka 2023, kodi ya mauzo ghafi ni asilimia 3 kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Mwenye mauzo chini ya hapo hakuondolewa wajibu wa kuwasilisha ritani zake. Kabla ya kufungua duka, pita pia katika ofisi ya uvuvi ya kaunti uulize kuhusu vibali vya zana za uvuvi, na uwakumbushe wateja kwamba uvuvi wa burudani nao una leseni yake.

21. Nitoe dhamana ya aina gani?

Dhamini kazi ya mikono yako: uzi, gundi, epoksi na mpangilio wa pete. Usidhamini ufito dhidi ya kukanyagwa, kufungiwa mlango wa gari au kutumiwa kuvuta ndoana iliyonasa kwenye mwamba. Andika hayo kwenye risiti. Kwa fimbo za kaboni, msomee mteja sehemu ya kwanza ya jibu la swali la 7 kabla hajalipa.

22. Nitumeje fimbo kwa mteja wa Nakuru au Eldoret?

Ndani ya bomba la PVC la inchi mbili lenye vifuniko, huku vipande vikiwa vimefungwa pamoja kwa kitambaa ili pete zisigongane. Kampuni za mabasi husafirisha mizigo ya namna hiyo kila siku. Jaribu kulitikisa bomba: likitoa mlio, ongeza kitambaa.

## Mambo ya pembeni

23. Ni kweli kwamba pete zinaweza kuzunguka kutoka juu hadi chini ya fimbo?

Ndiyo, na kwa fimbo za mbuta zenye rili ya juu huo ndio mpangilio ninaoupenda. Pete zikiwa juu, mshipi uliobeba mzigo hutafuta njia ya kwenda chini na kuisokota fimbo, na mkono wa mvuvi ndio unaoizuia kwa saa nzima. Ukiweka pete ya kwanza juu, mbili au tatu zinazofuata zikizunguka ubavuni hatua kwa hatua, na zilizobaki chini kabisa, mzigo unatulia wenyewe. Inaonekana ya ajabu. Mpe mteja aivute kwa ndoo ya maji, naye ataacha kuicheka.

24. Ncha imevunjika inchi chache. Fimbo hiyo bado ina maisha?

Ikiwa ni chini ya inchi nne, kata sawasawa kwa msasa au kisahani cha kukatia, usikate kwa koleo, kisha pima kipenyo kipya na ugundishe pete ya ncha inayolingana. Tumia gundi inayoyeyushwa kwa joto ili pete iweze kutolewa tena siku nyingine. Mpindo utakuwa wa polepole kidogo kuliko awali na ncha itakuwa ngumu, na pete ya pili huenda ikahitaji kusogezwa kwa jaribio la swali la 14. Vaa barakoa unaposugua kaboni au fibaglasi, na ulowanishe msasa: vumbi lake halifai mapafuni.

25. Je, fimbo ya kaboni ni hatari wakati wa radi?

Ni hatari. Kaboni hupitisha umeme, na magharibi mwa Kenya, hasa upande wa Kisii na Kakamega, hupigwa radi mara nyingi. Wingu likianza kunguruma, laza fimbo chini na utoke majini. Hatari hiyo hiyo ipo chini ya nyaya za stima, na mwenye fimbo ya futi kumi na moja huzigusa kabla hajaziona. Mimi hubandika onyo dogo juu ya mpini wa kila fimbo ya kaboni, chini ya tabaka la epoksi.

26. Nimeifanyia ukarabati fimbo ya kiwandani na mwenyewe anataka jina langu juu yake. Niandike?

Andika tarehe, kazi uliyoifanya na neno "ukarabati" kabla ya jina lako, kwa maandishi madogo karibu na mpini, bila kufuta nembo ya kiwanda. Fimbo hiyo ikiuzwa tena, mnunuzi atajua ni pete zipi ni zako na ufito ni wa nani, na ikivunjika katikati hataanza kukutafuta wewe.